Dell ya zamani (Pentium 4) inakataa kubuti (kuanza) kwa diski ya usakinishaji: mafundi naomba msaada

Mwalimu_Arua

Habari za jioni ndugu zangu. Maabara ya shule hapa Arua, Uganda, ina kompyuta za mezani Dell OptiPlex GX270: Pentium 4 ya GHz 2.8, RAM GB 1, hadidiski ya GB 40. Lengo ni kuweka Linux ili wanafunzi wa S.5 (kidato cha tano) wafanye mazoezi ya Sub-ICT (somo dogo la kompyuta): kuandika barua, majedwali, mambo ya msingi. Flashi haitokei kabisa kwenye menyu ya F12, kwa hiyo imebaki njia ya diski.

Hali ilivyo: nikiwasha, kwanza inaandika "Time-of-day not set - please run SETUP program". Nikibonyeza F1 inaendelea. Nikibonyeza F12 menyu inakuja na CD-ROM imo. Nikiichagua, taa ya draivu inawaka, diski inazunguka na kunguruma, kisha yanakuja maneno "Selected boot device not available - strike F1 to retry boot, F2 for setup utility". Diski ilichomwa mjini, na kwenye laptopu inafunguka vizuri. Ndani ya BIOS (programu ya bodi inayoanzisha mashine), CD nimeipanga ya kwanza. Nianzie wapi?

FundiBusia

Mwalimu, pole na kazi. Achana na BIOS kwanza. Mpangilio wa kubuti hauna kosa, na hata ungekuwa nalo, F12 inaupita kwa mara hiyo moja. Watu wengi hupoteza siku nzima wakipandisha na kushusha mistari kwenye menyu ile, wakati tatizo liko kwenye diski yenyewe.

Mashine kuukuu inapobuti kwa CD kuna milango minne, mmoja baada ya mwingine. BIOS iione draivu. Draivu iisome diski. Diski iwe na sehemu ya kubutia. Halafu kilichomo kikubaliwe na prosesa. Kila mlango ukifungwa una dalili yake. Wewe mlango wa kwanza umeshaupita, maana CD-ROM imo kwenye menyu na taa inawaka. Umekwama kwenye wa pili au wa tatu.

Kwa hiyo nijibu mambo mawili. Usoni pa draivu, penye kitrei, pameandikwa nini hasa? Na ukiifungua diski kwenye laptopu unaona folda nyingi (isolinux, dists, pool, boot) au unaona faili moja tu?

Mwalimu_Arua

Draivu imeandikwa "Compact Disc" na 48x, basi. Diski ni DVD-R. Ndani kuna faili moja tu: debian-12.5.0-amd64-DVD-1.iso.

FundiBusia

Asante, hapo umetupa majibu yote. Diski hiyo ina vizuizi vitatu, na kila kimoja peke yake kinatosha kuikwamisha.

Kwanza, draivu yako ni ya CD tu. Leza yake haiwezi kusoma DVD, hata diski iwe mpya namna gani. Ile ngurumo uliyoisikia ni draivu ikitafuta mahali pa kuanzia na kukosa. Laptopu inaisoma kwa sababu draivu yake ni ya DVD. Kabla ya kuchoma chochote, tazama nembo usoni pa draivu.

Pili, aliyekuchomea ameinakili faili ya ISO kama anavyonakili wimbo. ISO ni picha ya diski nzima. Inatakiwa imwagwe sekta kwa sekta. Utaratibu wa kubuti kwa CD ulipangwa na Phoenix na IBM mwaka 1995 kwa jina la El Torito: BIOS huenda sekta ya 17 ya diski, hutafuta maandishi ya utambulisho, na kutoka hapo huelekezwa kwenye programu ya kuanzia. Ukinakili faili tu, sekta ya 17 haina kitu hicho. Diski inasomeka vizuri kabisa, ila haibuti. Ndiyo maana "inafunguka kwenye laptopu" si kipimo.

Tatu, amd64 ni ya prosesa za biti 64. Pentium 4 za GX270 ni za soketi 478, biti 32. Hata ungevuka vizuizi viwili vya juu, ungepata "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU" na safari ingeishia hapo. Tafuta yenye jina i386, yaani ya biti 32. Na ubaki Debian 12 (toleo la Linux ulilochagua), kwa sababu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha i386.

Sasa fanya hivi. Pakua Debian 12 i386 netinst (kisakinishi kidogo kinachovuta vifurushi vingine kutoka intaneti). Tazama ukubwa wa faili kabla ya kununua diski: CD-R ya dakika 80 hubeba MB 700. Kisha hakiki faili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

na kwenye Linux ni sha256sum jina-la-faili.iso. Linganisha na mstari wa faili hiyo ndani ya SHA256SUMS iliyo kwenye ukurasa uleule wa kupakulia. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Kwa intaneti yetu inayokatika katikati, faili pungufu ni jambo la kawaida, na itakusumbua baadaye kwa makosa yasiyoeleweka.

Kuchoma: kwenye Windows 7 na kuendelea, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Burn disc image", weka alama kwenye kisanduku cha kuhakiki diski baada ya kuchoma. Kwenye Linux tumia Xfburn au Brasero, upande wa "kuchoma picha", usitumie ule wa "diski ya data". Kama programu inakuruhusu kuchagua kasi, chukua 8x au 16x. Draivu kuukuu huchagua sana diski zilizochomwa mbio.

Nunua CD-R, usinunue CD-RW. CD-RW huakisi mwanga kama robo hivi ya diski ya kawaida, na draivu nyingi za zamani haziioni.

Bodi_na_Solda

Naongezea upande wa vyuma, maana kompyuta za maabara huwa zimekaa na vumbi miaka.

Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha kabla hujagusa bodi. Trei ya draivu ikigoma kutoka, kuna kitundu kidogo usoni. Nyoosha klipu ya karatasi uisukume humo taratibu mashine ikiwa imezimwa.

Lenzi isafishe kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo sana alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi. Pitisha mara moja au mbili bila kukandamiza, maana lenzi imening'inia kwenye vijiwaya vyembamba mno. Spiriti ya dukani yenye rangi huacha utando. Manukato usithubutu. Ukipuliza kwa mdomo unaongeza mate.

Kebo ya IDE, ule utepe mpana, ichomoe na kuirudisha ikae sawa. Kwenye kebo ya nyaya 80 kichwa cha bluu huenda kwenye bodi, cheusi ni cha mwisho, cha kijivu ni cha katikati. Nyuma ya draivu kuna pini zenye jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili): MA (mkuu), SL (mdogo), CS (kebo ichague). Kwenye Dell weka CS kwa vifaa vyote, kebo yenyewe ndiyo itaamua nani mkuu na nani mdogo. Ukiwa na vifaa viwili kwenye kebo moja na vyote viko MA, kimoja hupotea au vyote viwili, na hapo ndipo CD-ROM haitokei kabisa kwenye menyu. Huo ni ule mlango wa kwanza aliousema fundi.

Ukiwa humo ndani angalia pia kapasita (vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji) zilizo jirani na prosesa. Kichwa cha kapasita kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimevimba au kina uchafu wa kahawia juu, mashine hiyo itajizima katikati ya usakinishaji na utailaumu diski bure. Bodi za miaka ya 2002 hadi 2007 hivi zilitengenezwa wakati kapasita mbovu zilipoenea kwa watengenezaji wengi, kwa hiyo usiruke hatua hii. Yenye uvimbe iweke pembeni, usiisakinishe mpaka zibadilishwe.

DadaMtandao_Kasese

Mbona hakuna aliyegusa ule ujumbe wa saa? Mwalimu, "Time-of-day not set" maana yake betri ya bodi imekwisha. Ni CR2032, ya volti 3, duara kama sarafu. Ipime kwa mita: mpya husoma 3 na pointi kidogo, ikishuka chini ya 2.8 ibadilishe. Upande wa + hutazama juu.

Shule nyingi huzima umeme wa maabara kwenye swichi kuu kila jioni, na likizo nzima mashine hazipati hata tone. Wakati wote huo saa inaendeshwa na betri peke yake, ndiyo maana zinakufa mapema. Nunua za maabara nzima kwa pamoja, maana zikianza kufa hufuatana.

Na si saa tu. Betri ikifa, mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani kila umeme ukikatika. Unaweza kuipanga CD iwe ya kwanza leo, kesho ukaikuta imerudi nyuma.

Kwa netinst jambo hili ni kubwa zaidi. Mashine ikidhani iko mwaka 2003, apt (programu ya Debian ya kuvuta vifurushi) hukataa faili za Release kwa sababu tarehe zake ziko mbele ya saa ya mashine, na vyeti vya HTTPS huonekana havijaanza kutumika. Utakaa ukidhani intaneti ni mbovu. Weka betri, ingia F2, rekebisha tarehe na saa, hifadhi, kisha ndipo uanze.

Mwalimu_Arua

Nawashukuru sana. Betri mpya imewekwa, ujumbe wa saa umeondoka. CD-R ya i386 imechomwa kama picha, imehakikiwa, na menyu ya Debian imetokea. Nimechagua Install, lugha, kibodi, kisha imegoma: "Your installation CD-ROM couldn't be mounted". Inawezekanaje diski ibuti halafu isionekane?

FundiBusia

Inawezekana, na sababu yake ni hii: hadi menyu itokee, anayesoma diski ni BIOS, polepole na kwa njia rahisi. Kisakinishi kikianza, kernel ya Linux (kiini cha mfumo) inachukua draivu mkononi mwake na kuisoma kwa DMA (data kwenda moja kwa moja kwenye RAM), kwa kasi zaidi. Kebo iliyochoka au lenzi dhaifu iliyovumilia ule mwendo wa kwanza, hapa inashindwa.

Usibahatishe. Bonyeza Alt+F4 uone kumbukumbu za kisakinishi. Ukiona "I/O error, dev sr0" (sr0 ndiyo draivu ya CD) na namba ya sekta, draivu imeonekana ila usomaji ndio mbovu. Kama sr0 haitajwi popote, rudi kwenye jampa na kebo. Alt+F1 inakurudisha ulipokuwa.

Ikiwa ni kosa la usomaji: safisha lenzi alivyoeleza Bodi_na_Solda, badilisha kebo, jaribu tena. Bado? Washa upya, kwenye menyu ya Debian weka mwale juu ya Install, bonyeza Tab, na mwisho wa mstari unaotokea ongeza nafasi kisha

libata.dma=1

halafu Enter. Hiyo inaiacha hadidiski kwenye DMA ila inaiondoa draivu ya CD. Usomaji utakuwa wa pole, lakini utafika.

Bodi_na_Solda

Na kama kuna draivu hata moja ya DVD pale shuleni, ya IDE, ihamishie kwenye mashine unayosakinisha kisha irudi kwa inayofuata. Skrubu nne, kebo mbili. Faida yake utatumia DVD-1 ya i386, ambayo ina kila kitu cha eneo-kazi bila intaneti.

Nakasongola_PC

Samahani kuingilia uzi. Mimi nina ThinkPad T42, Pentium M. Diski ya biti 32 ya toleo jingine la Linux inasema kernel inahitaji "pae". Na draivu ya CD inasoma CD vizuri ila ISO niliyo nayo ni kubwa kuliko CD, iko kwenye flashi.

FundiBusia

Nakasongola, Pentium M nyingi za enzi hizo zina PAE (uwezo wa prosesa kufikia RAM kubwa zaidi) ila haziitangazi. Kwenye menyu ya kubuti bonyeza Tab, ongeza neno forcepae mwishoni mwa mstari. Kisakinishi cha Debian 12 i386 chenyewe hutumia kernel isiyodai PAE, kwa hiyo hapo huhitaji neno hilo.

Kuhusu flashi: choma Plop Boot Manager kwenye CD. Ni programu ndogo sana, hubuti kwa CD, na ina draiva zake za USB. Ikitokea menyu yake, flashi ikiwa imeshachomekwa, chagua USB na yenyewe itaikabidhi kazi. Chomeka flashi moja kwa moja kwenye mashine, bila kupitia kigawanyio. Na flashi iwe imeandaliwa kwa kubuti kwa njia ya zamani ya BIOS. Iliyoandaliwa kwa UEFI (mrithi wa BIOS) peke yake haitakwenda. Mwalimu, hii hata wewe inaweza kukufaa.

Jinja_Kibodi

Kwa wanaopiga Windows 7 kwenye mashine za aina hii, dokezo moja. Ukiona "Press any key to boot from CD or DVD" na kibodi haiitikii, basi BIOS haijawasha kibodi za USB kwa wakati huo. Chomeka ya PS/2, ile ya duara la zambarau, au washa USB Legacy Support ndani ya BIOS. Una sekunde chache tu kubonyeza, zikipita inakwenda kwenye hadidiski.

XP je? Kwenye mashine za SATA skrini ya bluu yenye 0x0000007B hutokana na AHCI (namna mpya ya kuendesha diski za SATA). Badilisha iwe IDE au ATA. Lakini kwa heshima zote, XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014. Kwenye mashine za wanafunzi zenye intaneti msiiweke.

Mwalimu_Arua

Imekubali! Kebo ilikuwa ndiyo. Kwa kebo nyingine imekwenda bila hata kuongeza libata. Nimechagua Xfce (eneo-kazi jepesi), inatembea. Ila sasa kuna jambo la gharama: kila mashine imevuta vifurushi vyote kutoka intaneti, na maabara ina mashine nyingi. Bando la shule halitatosha. Na draivu nyingine za CD zimekufa kabisa, hata trei hazitoki.

DadaMtandao_Kasese

Hapo mwalimu achana na diski, una kila unachohitaji kubuti kwa waya wa mtandao. GX270 ina kadi ya mtandao (NIC) ya Intel yenye PXE, yaani uwezo wa kubuti kwa mtandao. F2, tafuta Integrated NIC, weka "On w/ PXE". Baada ya hapo F12 itakuonyesha Integrated NIC kwenye menyu.

Chukua mashine moja iliyokwisha sakinishwa iwe seva, uipe anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.10. Weka dnsmasq (inayogawa anwani na faili za kubuti) na apt-cacher-ng (inayohifadhi vifurushi). Pakua netboot.tar.gz ya Debian 12 i386, ifungue ndani ya /srv/tftp. Kisha kwenye /etc/dnsmasq.conf:

dhcp-range=192.168.1.50,192.168.1.99,12h
dhcp-option=3,192.168.1.1
dhcp-boot=pxelinux.0
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp

Hiyo 192.168.1.1 ni ruta yenu. Zima DHCP (ugawaji wa anwani) kwenye ruta kabla hujawasha dnsmasq. Zikiwa mbili, mashine itachukua anwani ya yeyote atakayejibu haraka, na ruta haijui pxelinux.0 ni nini. Dalili yake ni mashine kupata anwani kisha kusema haina faili ya kubuti, tena mara inakubali mara inakataa. Mabadiliko haya yafanye wakati ofisi ya shule haitumii mtandao, kama wanatumia ruta ileile.

Kuhusu bando: kisakinishi kitauliza "HTTP proxy". Watu huacha wazi. Wewe andika http://192.168.1.10:3142. Mashine ya kwanza itavuta vifurushi kutoka nje na apt-cacher-ng itavihifadhi. Zinazofuata zinachukua hapohapo maabara. Chagua mchanganyiko uleule wa programu kwa zote, usibadilishe moja Xfce nyingine LXDE, la sivyo utavuta tena. Hadidiski ya GB 40 ya seva inatosha akiba hiyo.

Usiziwashe zote kwa mpigo. Anza na moja hadi mwisho, akiba ijae, kisha tatu au nne kwa pamoja kulingana na swichi na umeme wenu. Umeme ukikatika katikati ya kugawa hadidiski, rudia tu usakinishaji kutoka mwanzo. Lakini kama kuna kazi za walimu humo, zinakili kabla, kwa sababu hatua ya kugawa inafuta kila kitu.

Mwalimu_Arua

Dada Kasese, asante sana. Nitatumia swichi ya bandari 16 iliyopo. Baada ya kumaliza, Integrated NIC niiache "On w/ PXE"?

DadaMtandao_Kasese

Hapana, irudishe "On" na hadidiski iwe ya kwanza. Ukiiacha na PXE ikiwa imetangulia, kila asubuhi mashine zitasubiri seva ijibu kabla ya kuwaka, na mwanafunzi akibonyeza Enter mahali pasipo pake anaweza kuanzisha usakinishaji upya. Weka na nenosiri la msimamizi kwenye BIOS, liandike kwenye daftari la ofisi. Likisahaulika, kuna jampa ya PSWD kwenye bodi: iondoe, washa mashine, zima, chomoa umeme, irudishe.